Balbu Sita Chumbani kwa Ami Muzammil

Mambrui, 20 Juni 2024

Mwanangu Rufaida,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuombea barua hii ikukute mzima huko Laisamis, na upepo wa huko usiwe umekukausha kama papa wa kuanikwa. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, na hilo halina jipya, tumeshazoeana.

Idd imepita salama. Nilipika pilau kama kawaida yangu, sahani moja nikampelekea Ami yako Kilifi, iliyobaki nikaila peke yangu siku mbili. Ya tatu nikampa Mama Hope, mpangaji wetu wa uani, yule mwenyeji wa Adu. Yeye ni mtu wa kanisani lakini pilau ya Idd haijapata kumshinda.

Mume wangu, Ami yako Muzammil, mwili umemrudia kidogo. Bado yuko pale pale kwa dadake Ruqaiya, karibu na hospitali, mashine yake ya pumzi kando ya kitanda na bomba puani. Ananung'unika kwamba nyumba ya ghorofa haina baraza. "Nambie, Shekha, mtu akipita ntamsalimu vipi kutoka huku juu? Nimpigie mbinja?" Daktari Nyale naye hajabadilisha neno. Atamruhusu kurudi nyumbani siku nyumba yetu itakapoweza kuiendesha ile mashine masaa matano bila stima. Simlaumu daktari. Stima za huku unazijua, asubuhi ziko na adhuhuri hazipo, na yaliyompata Ami yako mwezi wa Februari zilipokatika unayajua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Inveta uliyotufungia, ile ya kushika stima zikikatika, iko ukutani chumbani kwake, betri mbili chini yake, na taa ya kijani inawaka tangu uondoke. Karatasi yako ya maagizo nimeibandika mlangoni. Wanawake wa mtaa wamekuja kuitazama makundi makundi, wengine hata Idd hawakuja. Nimeitunza vizuri isipate vumbi. Kuijaribu sijaijaribu. Siku ya kwanza kulinyesha, ya pili nilikuwa na wageni, ya tatu sababu yake nimeisahau.

Nijibu kwa kalamu. Simu mimi siiwezi, sikio la kulia halina kazi, nikizungumza napiga makelele mpaka Mama Hope anakujibu yeye kutoka uani.

Shangazi yako,
Shekha


Laisamis, 4 Julai 2024

Shangazi wangu mpenzi,

Shikamoo, na salamu za Idd ingawa zimechelewa. Barua yako ilikuja na lori la mabomba, dereva aliiweka chini ya kiti pamoja na ndizi, kwa hiyo nimeisoma huku inanukia. Mimi mzima. Tumemaliza kufunga pampu za sola kwenye kisima cha tatu na wenyeji walichinja mbuzi. Nimekonda kidogo, usianze kulia.

Nimecheka na siku ya tatu. Lakini Shangazi, inveta ambayo haijajaribiwa ni pambo la ukutani. Mimi niliondoka kabla betri hazijajaa, la sivyo ningeijaribu mwenyewe. Sasa wewe ndiye fundi wangu. Nakuandikia upya, taratibu, maana najua ile karatasi ya mlangoni hujaisoma.

Mashine ya Ami hatuwezi kumvua puani tukaijaribie. Ndiyo maana nilikupigilia ule ubao wa balbu sita za zamani, wati sitini kila moja. Zote sita zikiwaka, zinakula umeme sawa na mashine yake. Hakikisha taa ya chaja ni ya kijani, maana yake betri zimeshiba. Washa balbu zote. Kisha nenda penye mita, vuta ile swichi kubwa chini, stima iondoke nyumba nzima. Inveta itashika yenyewe, balbu zisipepese hata kidogo. Hapo anza kuhesabu masaa matano.

Kila nusu saa tazama namba ya nguvu ya betri kwenye kioo chake uiandike. Itaanzia kwenye ishirini na tano hivi, itashuka kidogo kidogo. Masaa matano yakitimia inatakiwa iwe kwenye ishirini na nne au chini yake kidogo. Zile namba ndizo Daktari Nyale atakazotaka kuziona. Ukimaliza, nyanyua swichi, chaja ianze kuzilisha betri tena.

Ami alinipigia juzi. Anataka awe nyumbani kabla mwezi wa Mfunguo Sita haujaisha, asikie maulidi akiwa barazani kwake. Aliniuliza mara mbili kama umeshajaribu, na mimi nikageuza mazungumzo mara mbili.

Mwanao,
Rufaida


Mambrui, 22 Julai 2024

Mwanangu Rufaida,

Waaleikum salaam, na marahaba. Nimefurahi umekula mbuzi. Huku samaki wamekuwa adimu, tunakula kunde za Mama Hope, kazivuna kwao. Binti yake Hope amepasi mtihani wa ufundi cherehani na sasa anapima kila mtu anayepita uani. Mimi keshanipima mara mbili, ananiambia nimeongezeka.

Nimeijaribu. Siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi niliwasha balbu zako sita, nikavuta swichi. Wallahi hazikupepesa. Nikaona fahari kama niliyeifunga mimi. Chumba cheupe kabisa, mchana kweupe, na mimi nimekaa kwenye kiti cha Ami yako na kalamu. Jirani mmoja akachungulia dirishani akasema, "Bi Shekha, mna harusi?" Nikamwambia hakuna harusi hapa, nikafunga dirisha.

Niliandika ishirini na tano. Nusu saa, ishirini na nne nukta tisa. Dakika kumi baadaye ikalia, nyii nyii nyii, taa nyekundu ikawaka, balbu zote zikazima. Kiza. Kisha nikaenda kunyanyua swichi.

Basi imeshindwa, mwanangu. Dakika arobaini si masaa matano. Huenda si riziki. Bora Ami yako abaki kwanza kule kule, hospitali iko karibu, Ruqaiya anamtunza, na jengo lao lina jenereta. Usijisumbue sana.

Shangazi yako,
Shekha


Laisamis, 3 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo sote. Huku baridi ya asubuhi sasa inapenya mpaka kwenye mifupa, nimevaa ile sweta yako ya kijani wakanicheka, kisha mmoja akaniomba nimuazime.

Unaniambia nisijisumbue. Nilisoma barua yako juu ya tangi la maji nikashuka bila kumaliza kazi. Nimeirudia kila nati niliyokaza chumbani kwa Ami, moja moja, kichwani. Nimechora upya nyaya zote kwenye daftari. Huku watu wananiita fundi mkubwa, wananipisha njia, halafu nyumba iliyonilea naifungia kitu kinachokufa baada ya dakika arobaini. Kama kosa ni langu nitalisema na nitalirekebisha. Likizo yangu usiniulize, naiomba na nitaendelea kuiomba.

Ila kuna jambo. Umesema ilikuwa ishirini na nne nukta tisa, maana yake betri bado zilikuwa na nguvu. Na umesema taa nyekundu. Inveta hujizima yenyewe ikipata joto kali, ili isiungue. Nakuomba unijibu kweli. Je, ilikuwa ya moto ulipoigusa? Kuna kitu chochote juu yake, au mbele ya yale matundu ya feni ubavuni? Nauliza kwa sababu nakujua, Shangazi. Nyumbani kwako hata birika lina nguo.

Mwanao,
Rufaida


Mambrui, 17 Agosti 2024

Rufaida mwanangu,

Salamu nyingi. Goti langu linakusalimu. Ruqaiya amekuja huku kuchukua vitu vya Ami yako, kofia zake na ile redio. Alipoichukua redio sikupenda. Mtu hahamishi redio kama anatarajia kurudi.

Haya, kuuliza si ujinga na kujibu si aibu. Iko nguo.

Nilikuambia wanawake walikuja kuitazama. Mmoja wao, jina silitii kwenye barua, alisimama mbele yake kitambo kizima. Akaitazama juu, akaitazama chini, akaniuliza unalipwa vipi huko Laisamis, kisha akaenda zake. Rufaida, mashaallah haikumtoka. Hata moja. Kitu kipya, cha kumsaidia mgonjwa kupumua, na jicho kavu namna ile. Mimi ningefanya nini? Nilikuwa na kipande cha kitambaa kizito cha bahameli kilichobaki kwenye pazia la kitanda, nikaishonea vazi la kuikinga na jicho. Nimeitia marinda chini na nimeiacha wazi pale penye kioo tu ili namba zionekane. Imeikaa vizuri, ungeipenda.

Basi nimeivua. Nilipoivua ilikuwa na joto la mkate unaotoka jikoni. Kosa halikuwa lako, nati zako zote ni nzima, na naomba radhi kwa zile siku ulizokaa ukichora nyaya. Badala ya nguo nimeisomea dua, na nimemwambia Mama Hope asiingize mtu.

Jumatano nikaijaribu tena, iko uchi. Saa tatu, ishirini na tano. Saa tatu na nusu, ishirini na nne nukta tisa. Saa nne, nukta nane. Saa nne na nusu, nukta saba. Halafu ikafa. Sijui kwa nini. Ikafa tu.

Nafikiri tumejaribu vya kutosha. Mwambie Ami yako kwa upole, wewe maneno yako anayasikia.

Shangazi yako,
Shekha


Laisamis, 29 Agosti 2024

Shangazi wangu,

Shikamoo, na Mungu akulipe kwa kusema kweli kuhusu bahameli. Nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuniuliza. Niliwaeleza, na bwana mmoja wa hapa akasema mamake angefanya vivyo hivyo, ila yeye angetumia ngozi ya mbuzi.

Zile namba nimezitazama tangu Jumatatu. Nitakwambia kama fundi, kisha nitakwambia kama mwanao.

Kama fundi: betri haifi hivyo. Betri hudhoofika kwanza. Ingeshuka ishirini na nne, ishirini na tatu, ingelia mapema kukuonya, ndipo ingezima. Namba zako ni nzuri, kwa namba hizo ingefika masaa matano na ikabaki na akiba. Kutoka nukta saba mpaka kufa hakuna njia. Na safari hii hukutaja mlio, wala taa nyekundu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kama mwanao: sitakuuliza nani aliinyanyua swichi. Nakwambia tu alichoniuliza Ami. Alinipigia Jumapili, akazungumza kidogo kidogo maana pumzi haimtoshi. Akasema, "Rufaida, hiyo mashine ndiyo haitaki, au ni Shekha?" Nikaanza kumuuliza habari za dawa zake. Akasema, "Haidhuru. Mwambie nasalimia." Sijawahi kumsikia Ami akisema haidhuru.

Mimi nataka arudi kwake. Daktari anataka arudi, iwapo umeme upo. Yeye mwenyewe hana analolitaka zaidi ya hilo. Umebaki wewe. Ukisema hutaki, nitakuelewa, na nitamweleza mimi. Lakini sema, tusimuache akibahatisha kule ghorofani.

Nakupenda sana,
Rufaida


Mambrui, 9 Septemba 2024

Rufaida,

Salamu baadaye.

Haikufa. Ni mimi niliyenyanyua swichi.

Nilikuwa nimekaa vizuri na kalamu yangu. Baada ya saa nne na nusu nikaenda jikoni kutia maji ya chai. Mama Hope alikuwa uani anamwigiza mchungaji wao anavyokohoa, nikasimama dirishani nikacheka, nikamjibu, naye akaongeza. Mara nikakumbuka. Nilikimbia na goti langu hili. Balbu zote zilikuwa zinawaka, hakuna kilichoharibika. Lakini nilikuwa nimetoka chumbani karibu robo saa na sikuisikiliza. Nikaenda penye mita nikaimaliza pale pale.

Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi nimeficha tangu Februari. Watu wote niliwaambia siku ile nilikuwa nimekwenda duka la dawa. Sikwenda duka la dawa. Nilikwenda harusini.

Ilikuwa ni kumpamba bibi harusi, pale ukumbini. Nilimwambia Ami yako baada ya saa moja narudi. Akasema, "Nenda, usiwe na haraka." Nilikaa karibu masaa matatu. Sikuwa nimetoka nyumba hii tangu afungwe lile bomba, Rufaida, miezi saba, na pale kulikuwa na nyimbo na wenzangu wa zamani na harufu nzuri. Stima zilipokatika mji mzima, jenereta la ukumbi lilishika. Taa zilipepesa mara moja, mimi nikasema bibi harusi ana haya mpaka taa nazo zimeona haya, watu wakaangua kicheko. Wakati ule ule nacheka, Ami yako alikuwa anaugonga ukuta kwa bakora. Mama Hope ndiye aliyemsikia. Katana wa tuktuk ndiye aliyembeba mpaka hospitali. Mimi nilirudi nikakuta mlango wazi, kitanda kitupu, na bomba liko sakafuni.

Hajaniuliza hata siku moja nilikuwa wapi. Angeniuliza ningepumua.

Sasa unaniambia ni mimi niliyebaki. Ni kweli. Si kwamba simtaki. Nyumba hii kila kona ina kikohozi chake, na sasa haina, na silali vizuri. Lakini kule Kilifi yuko hai. Hapa alikuwa mikononi mwangu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mashine yako ikishindwa, basi si mimi ninayemkataa, ni mashine. Ndivyo nilivyofikiri, na sioni fahari kuandika.

Usimwambie. Au mwambie. Sijui.

Shekha


Laisamis, 16 Septemba 2024

Shangazi, mama yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Barua hii nimempa mtu anayesafiri moja kwa moja mpaka Malindi, isichelewe.

Sitamwambia, kwa sababu anajua.

Nilipokuja Mei kufunga inveta, nilipita Kilifi kwanza. Ami alinisimulia siku ile. Alisema kule hospitali aliona watu kama kwa mbali, akaamini basi, safari imefika. Halafu ukaingia wewe. Ulikuwa na kikuba cha asumini nyweleni na wanja machoni, umesahau kuvivua. Alisema harufu ilimfikia hata na ule mpira wa kupumulia usoni. Maneno yake ni haya, sikuongeza: "Nikasema, ala, mke wangu kapendeza namna hii, mimi nakwenda wapi?" Duka la dawa gani, Shangazi, linalouza kikuba? Alijua ulikotoka tangu siku ya kwanza. Hakukuuliza kwa sababu hakuwa na swali.

Na mimi nina langu, maana si haki uungame peke yako. Mwaka jana, mwezi wa Julai alipofungwa bomba, Ami aliniomba nimletee inveta. Aliniambia stima zinamtia wasiwasi. Nikamjibu mwezi ujao. Agosti nikasema mwezi ujao. Mpaka Februari ikanikuta bado nasema mwezi ujao, mimi ninayewapelekea umeme watu nisiowajua majina. Ungekuwa harusini siku nzima, na kitu kile kiko ukutani, angelala usingizi wake na wewe ungerudi na sahani ya biriani. Basi mzigo tugawane, nusu yako na nusu yangu.

Sasa sikiliza fundi. Usiijaribu peke yako tena, hilo lilikuwa kosa langu kukuagiza. Mwite Mama Hope akae nawe, mpike, mcheke, mtoke chumbani mkitaka. Inveta haihitaji kusikilizwa ndipo ifanye kazi. Ikizidiwa italia yenyewe, na mlio wake unaujua, hata sikio lako la kulia lingeusikia. Na Daktari Nyale amekubali kuwapa mtungi wa oksijeni wa akiba. Utakaa nyuma ya mlango, na sista wa hospitali atakufundisha kuufungua. Inveta ikishindwa, upo mtungi. Mtungi ukishindwa, yupo Katana. Hutakuwa peke yako na roho ya mtu mikononi.

Mfunguo Sita uko nusu. Nakuachia.

Mwanao,
Rufaida


Mambrui, 3 Oktoba 2024

Rufaida, mboni ya jicho langu,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, na ninaposema sote namaanisha sote.

Barua yako niliisoma mara nne. Hilo la kikuba nililia, kisha nikaona haya, mzee mzima na wanja hospitalini, kisha nikalia tena. Kesho yake nilimwita Mama Hope. Tuliwasha balbu zako saa mbili asubuhi, tukavuta swichi, tukachagua mchele, tukakaanga mihogo, akaniigizia wachungaji wote wawili, wa zamani na wa sasa. Nilitoka chumbani mara tano. Mara ya kwanza nilihesabu mpaka kumi nikarudi. Mara ya tano nilikwenda mpaka kwa mwenye machungwa. Saa saba mchana ilikuwa ishirini na nne kamili. Masaa matano, na taa ya kijani nimeiona ikirudi kabla ya magharibi.

Nilipeleka namba Kilifi mwenyewe. Daktari Nyale alizisoma akaniuliza nimesomea wapi. Ami yako aliletwa Jumamosi, na mashine, na mtungi, na redio. Waliokuwa wakipita barabarani aliwasalimu wote, wengine mara mbili. Maulidi ameyasikia akiwa barazani, waya mrefu umepita mlangoni mpaka kwenye kiti chake, na watu waliuruka kwa adabu.

Nilikaa naye peke yetu Jumapili, nikamwambia lile la harusi kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Hakuningoja nimalize. "Nambie, bibi harusi alikuwa mzuri?" Nikamwambia alikuwa mzuri. "Mlicheza?" Tulicheza. "Basi," akasema, "mbona wanihadithia kama msiba?"

Sasa nikwambie ya jana, ndiyo hasa nilitaka kuandika. Jana Jumatano, baada ya adhuhuri, stima zilikatika. Si za kujaribu, za kweli, Mambrui nzima mpaka Malindi. Nilisikia feni ya sebuleni inasimama na moyo wangu ukasimama nayo. Nikaenda chumbani, mashine inaguruma vile vile, hajajua hata kama pana jambo. Nikamwambia stima zimekwenda. Akafungua jicho moja akasema, "Ziende salama," akalifumba.

Nikavuta kiti. Nilisema nitakaa hapa hapa, nitatazama kifua chake kikipanda na kushuka mpaka zirudi. Nilitazama. Kikapanda, kikashuka. Niliisoma namba ya kwanza, nikaisoma ya pili. Chumba kilikuwa kimetulia, upepo kidogo dirishani, na nikaegemeza kichwa ukingoni mwa kitanda nipumzishe shingo.

Nilichosikia baada ya hapo ni mkono wake begani. "Shekha, amka, alasiri inapita." Nilishtuka nikaitazama mashine, inaenda. Nikamtazama yeye, anacheka, bomba linatikisika puani. Stima zilikuwa bado. Nililala, Rufaida. Mchana kweupe, stima hakuna, mume wangu anapumua kwa betri zako, na mimi nimelala karibu masaa mawili. Sijalala namna ile tangu Februari.

Nikamuuliza kwa nini hakuniamsha mapema. Akasema leo ilikuwa zamu yake kunisikiliza mimi navyopumua. Anadai nilikoroma.

Muongo huyo.

Shangazi yako,
Shekha